TUSIUZE UTAFITI, TUSINUNUE SHAHADA

*Maneno ya Katibu wa Elimu wa Tawi kwenye kikao cha wanachama. Yanatumwa humu kwa ajili ya waliokosa kufika.*



Naanza na jambo la humu humu ndani. Kwenye kundi letu limekuwa likipita tangazo: "Tunaandika tafiti, ripoti za fildi na asaimenti, bei maelewano." Wanaolituma ni wanachama wenzetu. Wamemaliza chuo, ajira hakuna, na fedha hiyo inalipa kodi ya chumba. Siwatukani. Ila tuelewane tunauza nini.

Mgonjwa akifika zahanati hana namna ya kumtahini mhudumu. Anaamini cheti. Tukimwandikia mtu kazi yake ya chuo, tunamuuzia imani ya mgonjwa ambaye hatumjui, na kesho anaweza kuwa mama yetu.

*Vyuo havina mitambo ya kukamata?*
Ipo. Lakini programu ya kupima ufanano inalinganisha maandishi na maandishi mengine. Inamkamata aliyenakili, haimkamati aliyenunua kazi mpya. Anayeweza kumkamata huyo ni mwalimu anayemkalisha mwanafunzi chini na kumuuliza: sampuli hii uliipataje? Jedwali hili maana yake nini? Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi hapati muda huo. Hivyo basi, tunapodai ubora, tudai pia walimu wa kutosha.

*Ubora unapimwaje?*
Vyuo vinahesabu wahitimu, machapisho na GPA. Hesabu ni muhimu, lakini sisi wanachama tunaijua hila yake. Tawi linaweza kuuza kadi 500, mkutanoni wakaja watu 20. Ukimpima katibu kwa kadi tu, atakuletea kadi. Ukimpima mhadhiri kwa idadi ya machapisho tu, atalipia majarida yanayochapisha chochote. Tuulize na mengine: watahini wa nje wanasema nini? Mhitimu akifika kazini, anaiweza kazi?

*Sisi wanasiasa je?*
Ujerumani, Waziri wa Ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu mwaka 2011 baada ya tasnifu yake ya udaktari kukutwa imenakiliwa. Mwaka 2013 akafuata Annette Schavan, Waziri wa Elimu mwenyewe, baada ya chuo kumvua udaktari. Hapa kwetu, uhakiki wa mwaka 2017 ulikuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Hatuwezi kuwanyooshea kidole watumishi huku "Dk." za wagombea wetu haziulizwi zimetoka wapi.

*Kwa mabinti zetu*
Mhadhiri akidai ngono ili atoe alama, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bila malipo. Tawi litamsindikiza binti yeyote atakayetaka kwenda kutoa taarifa, na jina lake halitatajwa humu.

*Kikao kimeazimia:*
1. Matangazo ya kuandikiana kazi za chuo yataondolewa kundini kuanzia leo.
2. Vijana wenye uwezo huo waje kwangu. Kumfundisha mwanafunzi namna ya kuandika utafiti wake ni kazi halali, na ofisi ya tawi itakuwa wazi jioni kwa masomo hayo. Ada mtapatana wenyewe.
3. Anayeomba kugombea kupitia tawi hili ataleta vyeti. Shahada ya nje iwe imetambuliwa na TCU. Shahada ya heshima iandikwe kuwa ni ya heshima.

Ndugu zangu, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Wazee wale walitoa jengo lao kwa ajili ya elimu. Sisi tunaombwa kuacha tangazo tu.



_Imetolewa na Idara ya Uenezi ya Tawi. Mwenye swali alete ofisini, au aandike humu kwa staha._