Kustaafu kwa Mama si Kurudi Jikoni



Neno "kustaafu" limezoeleka kuwa na maana ya kupumzika. Mwanamume akistaafu huwekewa kiti barazani, akasoma gazeti, akacheza bao na wenzake, wala hapana amwulizaye kwa nini amekaa. Kwa mwanamke mambo huwa mengine. Siku anayorudisha funguo za ofisi ndiyo siku anayokabidhiwa funguo za jiko. Jamaa humwona kuwa sasa ana nafasi. Na mwanamke mwenye nafasi, kwa mawazo ya wengi, hana budi kutafutiwa kazi.

Mabibo, kitongoji cha Dar es Salaam kilichokuwa sehemu ya Kinondoni na ambacho leo kimo katika Wilaya ya Ubungo, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili. Jirani yake, kando ya Barabara ya Morogoro, Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa ushirikiano na China kilifunguliwa mwaka 1968. Wanaume kwa wanawake walifanya kazi humo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa vijijini, mitaani na mahali pa kazi. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule, leo amekwisha kuvuka 70. Kizazi chake ndicho kilichojifunza kuishi kwa saa, kuhesabu mshahara, kutia sahihi badala ya dole gumba, na kusimama mkutanoni kutoa hoja. Je, ujuzi huo nao hustaafu? La hasha.

Sheria imeweka umri wa kustaafu kwa hiari kuwa miaka 55, na kwa lazima miaka 60. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1997, uliweka utaratibu wa pensheni ya kila mwezi kwa mwanachama aliyechangia miezi 180. Hilo ni jema. Lakini mama aliyeuza ndizi maisha yake yote katika soko la Mabibo liitwalo Mahakama ya Ndizi hakukatwa mchango hata mwezi mmoja. Yeye hastaafishwa kwa barua; hustaafishwa na magoti yake. Kwa watu wa namna hiyo, Zanzibar ilichukua hatua ya kupigiwa mfano mwaka 2016 ilipoanza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alichangia nini.

Hata hivyo, fedha peke yake hazitoshi. Mtu aliyeamka alfajiri kwa miaka 30 ataendelea kuamka alfajiri, na asipokuwa na pa kwenda, siku humwelemea. Ndiyo maana wanawake wengi wazee wa mijini wamejitungia ratiba mpya: kikundi cha kuweka na kukopa, bustani ya mchicha, kwaya ya kanisani, darsa la msikitini. Faida ya mambo hayo haihesabiki kwa shilingi tu. Katika kikundi mama ana nafasi yake. Akichelewa husubiriwa, akikosekana hutumiwa mtu kumjulia hali. Tena hutakiwa kwa akili yake, si kwa mikono yake pekee. Taifa lenyewe limeonyesha mfano: Mama Anna Makinda aliondoka katika kiti cha Spika mwaka 2015, na Sensa ya mwaka 2022 ikafanyika yeye akiwa Kamisaa.

Wako watakaosema kwamba furaha ya bibi ni wajukuu. Ni kweli, wala hapana anayetaka kuwatenga. Lakini kumwomba bibi ni jambo moja, na kumwamuru ni jambo jingine. Binti aliyejua zamani kwamba mama yake yuko zamu, na asingeweza kumwachia mtoto siku hiyo, ajue leo vilevile kwamba Jumatano saa nne mama yuko kikundini. Saa hiyo ni ya mama. Haikuwa zawadi ya mwajiri hata iishe pamoja na ajira.

Basi ni wajibu wa kila nyumba kumwuliza mama, kabla hajafikisha miaka 55, anataka kuzitumiaje siku zake, na kisha kumsaidia. Ni wajibu wa mitaa kuwapatia wazee hawa mahali pa kukutania, na kuwaalika mikutanoni kama washauri badala ya wapishi wa wageni. Wahenga walisema utu uzima dawa. Dawa hiyo ikifungiwa jikoni, haimponyi mtu.