Mitaro na Bamvua katika Miradi ya Wanafunzi ya Kusanifu Upya Ukingo wa Bahari wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Katika mada hii, ukingo wa bahari ni ukanda ambapo mji hukutana na maji, pamoja na kuta, gati, bustani na barabara zilizomo, na usanifu endelevu ni ule unaokidhi haja za wakazi wa leo bila kuharibu mazingira yatakayotegemewa na wa kesho. Mradi wa kikundi ni zoezi la masomo ambalo wanafunzi kadhaa hulifanya kwa pamoja na kulitetea mbele ya walimu.

Ukingo unaohusika unaanzia Malindi, ukapita Mizingani na Forodhani hadi Shangani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, na ukuta wa bahari wa Mizingani ukajengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, eneo hilo limezidi kuvutia vikundi vya wanafunzi wa usanifu majengo na mipangomiji, na mengi wanayoyapendekeza yanastahili sifa, hasa pale wanapowatengea nafasi wachuuzi wa urojo na mishkaki, manahodha wa mashua za kisiwa cha Changuu, na vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani, ambao katika michoro ya watu wazima husahaulika.

Tatizo liko chini ya sakafu wanayoichora. Maji ya mvua ya Mji Mkongwe, yakichanganyika na sehemu ya majitaka ya majumbani, hupita katika mitaro iliyofunikwa na kumwagika baharini kupitia midomo iliyo kwenye ukuta au chini yake. Miradi mingi ya wanafunzi haionyeshi hata mdomo mmoja. Mada hii haikusudii kulaumu chuo wala idara yoyote, kwa kuwa ratiba za masomo zina mipaka yake, lakini ni vigumu kukubali kwamba mchoro unaoitwa endelevu unaweza kupewa alama za juu ilhali hausemi maji machafu ya mji yanakwenda wapi.

Uzito wa jambo hili unatokana na bahari yenyewe. Katika bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo Zanzibar hufikia takriban mita 4, na katika maji mafu, yaani siku za nusu ya mwezi, hushuka hadi karibu mita 1. Mtaro ambao mdomo wake uko chini ya kiwango cha maji makubwa hauwezi kumwaga maji bamvua linapojaa, na usipokuwa na mlango wa kuzuia maji yasirudi, bahari huingia ndani yake na kusukuma uchafu kuelekea mitaani. Mabamvua makubwa zaidi ya mwaka hutokea karibu na Machi na Septemba, na yale ya Machi na Aprili huangukia kwenye masika, kwa hiyo mvua kubwa na bahari iliyojaa huweza kukutana kwa wakati mmoja, nayo maji yakakosa pa kwenda. Mnazi Mmoja, ambako ardhi ni ya chini na sehemu yake ilikuwa hori la bahari kabla ya kufukiwa, ni mahali ambapo hali hii huonekana bila kuhitaji chombo chochote cha kupimia.

Saa ya kutembelea eneo nayo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Siku za bamvua bahari hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi, wakati ambapo midomo ya mitaro hubaki wazi, ukuta chini yake ukiwa na utando wa kijani na mchanga mweusi unaonuka. Katika maji mafu mambo hugeuka, kwani saa 4 ileile maji huwa yamejaa, na kikundi kinachofika siku hiyo kinaweza kupiga picha nzuri za ukuta na kurudi chuoni bila kuona hata mdomo mmoja. Wavuvi wa Malindi hulijua hilo kwa kuutazama mwezi tu, na ni ajabu kwamba huulizwa kwa nadra.

Matokeo yake ni mapendekezo yasiyolingana na mahali. Mikoko huchorwa mbele ya Forodhani, ingawa mti huo hustawi kwenye matope yaliyokingwa na mawimbi kama ya Maruhubi. Ngazi za kuteremkia kuogelea huwekwa bila kujua mtaro wa karibu unamwaga nini.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila kikundi kitembelee eneo angalau mara mbili katika bamvua moja, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa, na kwamba midomo yote ya mitaro ihesabiwe, ipimwe mwinuko wake na kuchorwa kwenye ramani kabla ya wazo lolote la usanifu kuwasilishwa. Mchoro wa mkato, unaoonyesha ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu toka juu hadi chini, uwe wa lazima na uonyeshe mtaro, ukuta na viwango vyote viwili vya bahari. Vyuo vipange kazi ya nje wakati wa masika, hata kama hilo litavuruga ratiba. Wanafunzi wa uhandisi wa maji na wa sayansi za bahari waingizwe katika vikundi, na wavuvi na wachuuzi waulizwe mapema. Alama zitengwe kwa vipimo vya mitaro, na mradi usiokuwa navyo usipitishwe. Vipimo hivyo, badala ya kuishia kabatini mwa idara, vikabidhiwe Manispaa na Mamlaka ya Mji Mkongwe katika jedwali la mfumo mmoja, ili kikundi cha mwaka unaofuata kianzie pale kilichotangulia kilipoishia, na mitaro ipimwe tena katika bamvua la Machi.