Ukiacha Nyama, Samaki, Maziwa na Mayai

Somo letu la leo lawahusu watu walioamua kuacha kabisa vyakula vitokavyo kwa wanyama: nyama, samaki, dagaa, maziwa na mayai. Mwingine huacha kwa kuwahurumia wanyama, mwingine kwa ajili ya afya. Sikuja kumsifu wala kumlaumu mtu. Nauliza tu: vile vitu ambavyo mwili ulivipata katika nyama na maziwa, sasa utavipata wapi?

Chakula cha kujenga mwili ndicho kinachowatia watu hofu, na kumbe ndicho chepesi kupatikana. Mahindi yamepungukiwa na kitu kiitwacho lisini, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina lisini tele. Basi ugali kwa maharage hutosha, ilimradi maharage yenyewe yaonekane sahanini, si mchuzi mtupu. Waliotuachia makande walikuwa na akili.

Lakini jihadharini na tui la nazi. Kwa kuwa ni jeupe, mama huweza kulitia katika uji wa mtoto badala ya maziwa, akadhani ni mamoja. Si mamoja. Tui lina mafuta mengi, lakini cha kujenga mwili ni kidogo, na kalsiamu ya mifupa ni kidogo pia. Kalsiamu itafuteni katika sukuma wiki, au maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu kiwandani.

Madini ya chuma, yaongezayo damu, yamo katika maharage na mboga za majani, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko yale ya nyama. Kamulia ndimu juu ya mboga, au kula pera pamoja na chakula, nayo yatachukuliwa vizuri zaidi. Chai na kahawa huyazuia. Kwa hiyo chai na ingoje kama saa moja baada ya kula. Najua kwamba hili ni gumu kwa wengi wetu.

Sasa mlio na madaftari, andikeni: vitamini B12. Wataalamu waliitenga mara ya kwanza mwaka 1948. Mtu mzima hahitaji zaidi ya mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, kiasi kidogo hata gramu 1 ingemtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini kiasi hicho kidogo hakimo katika mchicha, wala maharage, wala tunda lolote.

Mtu ataniuliza, “Bwana mwalimu, ng’ombe hula majani tu, mbona yeye haikosi?” Swali zuri. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, nao wamo katika tumbo la ng’ombe. Sisi pia tunao, lakini wamo katika utumbo mpana, mbali kupita mahali ambapo mwili huichukua. Na wale wasemao kwamba mboga isiyooshwa itakupa B12 wasisikilizwe, utapata minyoo.

Ubaya wake ni kwamba upungufu huja polepole. Ini huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, hivyo mtu huacha nyama, akajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha huja uchovu, ulimi kuuma, ganzi ya miguu, kusahausahau. Tena mla mboga nyingi hupata folati nyingi, nayo huweza kuificha dalili ya damu huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Mishipa ikikaa hivyo muda mrefu, huenda isipone kabisa.

Kwa hiyo usingoje dalili. Tumia vidonge vya B12 tangu mwanzo, kwa kipimo atakachokuambia daktari au mfamasia, au kula kila siku vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Soma maandishi ya kopo.

Mama mjamzito au anyonyeshaye asikose hata kidogo. Mtoto hana akiba ya miaka kama mama yake. Hutegemea aliyopewa tumboni na iliyomo katika maziwa ya mama. Ikikosekana, mtoto huweza kulegea, kukataa kunyonya na kuchelewa kukaa, naye mama hajihisi mgonjwa. Siku ya kwanza ya kwenda kliniki, mwambie mkunga wazi kwamba huli nyama, samaki, maziwa wala mayai.