Mitungi ya Kuvutia Gesi ya Friji: Hotuba kwa Mafundi



Nimepewa nafasi niseme habari ya mtungi ambao fundi wa friji hutumia kuvutia gesi kabla ya kuifungua mashine. Zamani gesi iliachwa tu iende angani. Tangu mataifa yalipofanya Mapatano ya Montreal mwaka 1987 ili kulinda ozoni, mafundi wamefundishwa kuivuta na kuiweka. Ni jambo jema, lakini hatari iliyokuwa ikipeperuka sasa twaibeba nyuma ya pikapu.

Mtungi huu haujazwi mpaka juu. Mwisho wake ni asilimia 80. Wako wanaodhani ile nafasi inayobaki ni hasara. Sivyo. Gesi iliyo majimaji hutanuka ikipata joto, na majimaji hayakubali kubanwa. Ikikosa pa kutanukia, husukuma chuma chenyewe, na hapo digrii chache tu za jua zatosha kuleta msiba.

Basi fundi atajuaje kwamba amefika asilimia 80? Geji haitamwambia. Maadamu ndani mna majimaji na mvuke pamoja, geji huonyesha kadiri ya joto tu, uwe mtungi nusu au karibu kujaa. Kuunyanyua kwa mkono nako ni kubahatisha. Dawa ni mizani. Mtungi wa lita 20 hupokea lita 16. Kwa R-22, katika joto la digrii 25, hizo ni kama kilo 19. Kwa R-410A ni kama kilo 17 tu. Ongeza uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa juu yake, na sindano ikifika hapo, simama. Na kama mashine ilikuwa na mafuta mengi, simama mapema, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko gesi nayo hula nafasi bila kuonekana kwenye mizani.

Lakini ni karakana ngapi zenye mizani? Tajiri hununua gari jipya, kisha mizani asema ni gharama. Mizani ni chombo cha kazi kama spana.

Wengine hupewa mtungi wa kutupa, ule uliotoka dukani na gesi mpya, waambiwe wautie gesi tena. Mtungi ule ulitengenezwa kwa safari moja tu, na bati lake ni jembamba. Kataeni. Wala msichanganye gesi mbili katika mtungi mmoja, kwani mchanganyiko huo hautumiki tena. R-600a ya friji za nyumbani na R-290 hushika moto. Hizo hazivutwi kwa mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Kuhusu stoo, mitungi isimame wima, ifungwe kwa mnyororo, penye hewa, mbali na moto, na joto lisipite digrii 52. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Mombasa si stoo. Gesi nyingi kati ya hizi ni nzito kuliko hewa. Zikivuja ndani ya shimo au chumba kilichofungwa hukaa chini na kumnyima mtu pumzi, na pengine hasikii harufu yoyote. R-22 huchemka kwenye digrii 41 chini ya sifuri, kwa hiyo tone lake hugandisha ngozi. Glavu na miwani ni vya lazima, na si juu ya fundi kuvinunua.

Haya si maombi ya huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi atoe vifaa vya kujikinga. Penye watu 20 au zaidi, yataka iwepo kamati ya usalama. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, halazimishwi kurudi pale kabla haijaondolewa.

Naomba kila mjumbe, kabla ya mkutano ujao, ahesabu mitungi ya kazini kwake, asome tarehe ya mwisho ya kupimwa iliyopigwa shingoni, aandike kama mizani ipo, kisha alete karatasi hiyo kwa katibu. Tutakapokutana na matajiri, tuwe nayo mkononi.