Jukwaani Lafudhi si Kizuizi



Wapo wanafunzi hapa Ufipa wanaokwepa maigizo kwa kuogopa kuchekwa lafudhi. Kwao nina mfano. Mwaka 1925 ilitoka Marekani sinema bubu, The Phantom of the Opera, kisa cha mwimbaji katika jumba la opera la Paris. Sauti yake haikusikika, lakini uso na mikono vilieleza yote. Hata Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, wenyeji waliigiza sinema za mafunzo zilizopigwa bila sauti. Maneno yalitiwa baadaye kwenye santuri.

Basi vijana, pandeni jukwaani. Anayecheka lafudhi naye apande, tumwone.