Dago Bila Hati Huwa Mzigo wa Wajukuu



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya vijana wetu wa Pemba wanaokwenda kutafuta kazi au kufanya biashara katika nchi jirani. Safari hizo si jambo geni. Tangu enzi za mababu, wavuvi wetu, na hasa Wakojani, wamekuwa wakifuata pepo na samaki, wakipiga dago Shimoni, Vanga, Gazi na hata Kilifi, na msimu ukigeuka wakirejea. Siku hizo mvuvi hakuulizwa hati. Mwambao wa Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa walioutawala ni Waingereza. Aliyetoka Wete kwenda Shimoni hakujiona kuwa ametoka nje ya nchi yake.

Hali hiyo ilikwisha mwaka 1963. Kwa mapatano ya tarehe 8 Oktoba, Mwambao uliunganishwa na Kenya, na tarehe 12 Desemba Kenya ikawa huru. Wapemba waliokuwa wamekwisha kuoa na kujenga huko walijikuta wageni mahali walipokuwa wenyeji. Wengine waliendelea kuwafuata baadaye, nao pia bila hati.

Hapana budi tuelewe sheria ilivyowabana. Kuzaliwa katika ardhi ya Kenya peke yake hakumpi mtoto uraia wa Kenya. Sharti mzazi wake mmoja awe raia. Kwa upande wetu, sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa raia kwa kurithi. Lakini raia huyo wa kurithi naye akizaa nje, hawezi kumrithisha mwanawe. Kwa hiyo babu alikuwa na kwao, na mjukuu hana nchi.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Asiye na kitambulisho hakupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, hakufungua akaunti ya benki, wala hakusajili laini ya simu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alikwama alipotakiwa kuandikishwa kwa mitihani. Mtu aliifahamu bahari kuliko wengi, akalazimika kuvua kwa jina la mwingine.

Ndugu zao Wamakonde waliandamana kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi Oktoba 2016, wakakubaliwa kuwa raia. Wapemba, watu elfu kadhaa, walisubiri mpaka mwaka 2023, ambapo Rais William Ruto aliwakabidhi hati zao huko Kilifi. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, ilikuwa imepita miaka 60.

Leo njia halali ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kutafuta kazi katika nchi nyingine ya Jumuiya. Akipata mkataba wa zaidi ya siku 90, sharti aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi. Anayetaka kuanzisha shughuli yake mwenyewe naye ana haki hiyo, ila aisajili kwa sheria za nchi aliyoko. Lakini mlango wa haki zote hizo ni hati ya safari, na mlango wa hati ya safari ni cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Mwalimu ndiye wa kwanza kumwona mtoto asiye na cheti. Asingoje mpaka mwaka wa mtihani. Sheha amhimize msafiri aandikishe watoto atakaowazaa huko, na aseme wazi kwamba uraia wa kurithi una kikomo. Na sisi wa maofisini tujiulize: kijana akiambiwa "njoo kesho" mara tano, tutamlaumu vipi akipanda mashua ya usiku bila karatasi?

Wazee husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini wapo waliokwenda, na wajukuu wao wakakosa ngama ya kurejea. Tusikubali jambo hilo litokee tena kwa sababu ya cheti kimoja kilichochelewa mezani petu.