Punda wa Balaamu katika Mtaa wa Msimbazi



Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 22, tunasoma habari za Balaamu aliyempanda punda wake kwenda Moabu. Mara tatu punda alikataa kuendelea. Kwanza aliiacha njia akaingia shambani. Kisha, mahali pembamba kati ya kuta mbili za mashamba ya mizabibu, akambana bwana wake mguu ukutani. Mwisho, pasipo nafasi ya kugeukia upande wowote, akalala chini. Mara tatu Balaamu alimpiga. Malaika alikuwa amesimama mbele yao, upanga mkononi. Mnyama alimwona, Balaamu, aliyesifika kwa kuona mambo yaliyofichika, hakumwona.

Ile njia nyembamba sisi wa Dar es Salaam twaifahamu. Ni Mtaa wa Msimbazi siku ya Jumamosi, ni Mtaa wa Kongo, ni kila uchochoro wa Kariakoo ambamo gari, bajaji, guta, mkokoteni na mchukuzi mwenye furushi kichwani hugombea upana uleule. Mchukuzi tusimwone mgeni hapo: jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Basi daladala iliyo mbele yasimama ghafla. Honi zalia. Dereva wa nyuma aona pengo, achomoza kuipita, wala hajui mwenzake amesimama kwa nini. Hivyo ndivyo watu wanavyogongwa kwenye vivuko vya pundamilia: gari la kwanza limesimama, la pili halikusimama. (Hao nao ni punda, wa rangi mbili, na hawasikilizwi.)

Tena honi yenyewe yasaidia nini? Huko Ilala, katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Buguruni ipo shule ya viziwi. Mtoto kiziwi haisikii honi hata ikilia mpaka betri ife. Asiyeona huisikia, lakini haimwambii kama arudi au aende. Usalama wa watoto hawa umo katika breki, na breki yahitaji nafasi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio wa juu unaoruhusiwa na sheria penye makazi, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, nazo mita hizo zimekwisha kabla mguu haujakanyaga breki.

Kwa hiyo subira ya dereva twaweza kuipima kwa macho: ni ile nafasi anayoiacha mbele yake. Wengi hutujibu kwamba ukiacha nafasi, mwingine atachomekea. Ni kweli, atachomekea. Mwachie, kisha acha nafasi nyingine. Hasara yako ni urefu wa gari moja.

Hatuwalaumu madereva wa daladala peke yao. Wengi wao wana hesabu ya siku ya kumpelekea mwenye gari, na sisi abiria ndio tunaopaza sauti, twende dereva, unalala? Tukumbuke kwamba katika habari ile Balaamu alikuwa amebebwa. Aliyeijali njia ni punda, na fimbo ilitoka kwa aliyeketi mgongoni. Macho yake yalipofumbuliwa, malaika alimweleza kwamba kama punda asingegeuka, yeye angeuawa na punda angeachwa hai.

Kesho asubuhi, konda akigonga bodi na gari lisiondoke, tunyamaze kwanza. Huenda dereva amemwona mtoto mwenye fimbo nyeupe, nasi tulioketi nyuma hatujamwona.